Mkono Mzima

Evelyn na mumewe Kornel walipata ajali wakitoka Holili, walikokuwa wamepeleka ndizi. Walikuwa wamekaribia Himo, pikapu yao imesimama nyuma ya magari mengine kupisha ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara, lori likawagonga kwa nyuma. Pikapu ikasukumwa hadi ikaangukia kwenye karavati, upande wa dereva ukajikunja. Kornel alibanwa mguu. Watu walipokuwa wakimtoa alimwita mama yake kwa sauti, yeye mtu mzima wa miaka hamsini. Evelyn alifungua mlango wake mwenyewe, akatoka, akasimama pembeni ya barabara huku akitafuta kiatu kimoja.

Hospitalini walipigwa picha wote wawili. Mguu wa Kornel ulikuwa umevunjika chini ya goti. Evelyn alisema bega la kulia linamvuta, basi naye wakampiga eksirei ya bega na mkono. Daktari wa zamu aliiinua ile picha kwenye mwanga, akaitazama juu mpaka chini.

"Mkono mzima huu, mama. Mshukuru Mungu."

Evelyn akamshukuru Mungu. Kornel alifungwa piopii, plasta nyeupe ngumu, mpaka juu ya goti, na baada ya siku chache wakarudi nyumbani kwao Kilema.

Wageni wakaanza kumiminika. Walileta mtori, walileta mayai, wengine walikuja na mbege, pombe ya ndizi, ingawa mgonjwa alikatazwa. Walikaa kando ya kitanda cha Kornel, wakaupapasa ule mguu mgumu kwa ncha za vidole, wakauliza lori lilikuwa la nani. Wakitoka walimkuta Evelyn jikoni, wakamwambia, "Pole na kuuguza, Mama Basili."

"Asante," alijibu, akaendelea kuosha vikombe.

Kila mmoja alimwambia hivyo hivyo, pole na kuuguza. Hakuna aliyempa pole ya ajali, kana kwamba ndani ya ile pikapu alikuwamo Kornel peke yake. Wala yeye hakuona kosa lao. Alikuwa anatembea, anapika, anakamua, na mkono wake ulikuwa mzima.

Maumivu yalianza pole pole, wiki kadhaa baadaye, na tangu mwanzo hayakueleweka. Kwanza yalikuwa kwenye bega, kama mtu aliyelalia mkono vibaya. Yakashuka hadi nje ya kiwiko. Halafu bega likanyamaza kabisa, kidole gumba kikaanza kufa ganzi. Siku nyingine mkono mzima uliwaka kana kwamba umepakwa pilipili, na ukiugusa ni wa baridi. Alipojaribu kumweleza jirani yake Ndelilio mahali hasa panapouma, alijikuta akionyesha hapa, na hapa, na hapa, mpaka akaona aibu, akaacha.

Kazi hazikumsubiri. Ng'ombe wao wawili walikula majani yaliyokatwa bondeni, chini ya barabara, na sasa Kornel yuko kitandani na mtoto wao Basili yuko chuoni Dodoma. Evelyn aliona autafutie mkono wake nafuu. Zamani mizigo mingine aliishika mkononi au kuikumbatia kifuani, lakini sasa kila kitu alikiweka kichwani, juu ya ngata: majani, maji, mkungu wa ndizi wa kupeleka Kiboriloni siku ya soko. Mkono akauacha uning'inie bure, upumzike.

Haukupumzika. Jioni moja alikuwa akitoka bandani na ndoo ya maziwa, vidole vikaachia. Hakujikwaa wala hakuteleza. Vilifunguka tu, ndoo ikaanguka, maziwa yakatiririka mpaka mlangoni kwa Kornel.

"Nini tena?" Kornel aliuliza kutoka kitandani.

"Ndoo imeniponyoka."

"Mkono una nini siku hizi?"

"Unauma, Baba Basili."

Kornel akatazama darini. "Si walisema ni mzima?"

"Walisema."

"Basi itakuwa baridi. Huku juu kuna baridi msimu huu."

Evelyn alichukua kitambaa akafuta maziwa kwa mkono wa kushoto, akijiuliza kama kweli ni baridi, na kama ni baridi, mbona inashika mkono mmoja tu.

Alikwenda zahanati. Mganga, kijana mpole, alisoma kile cheti cha hospitali kilichosema hakuna mvunjiko, akamchoma sindano ya kutuliza maumivu na kumpa dawa ya kuchua. Siku mbili alijisikia mtu. Siku ya tatu yakarudi. Akaenda tena, akachomwa tena. Mara ya tatu yule kijana akamuuliza taratibu, "Mama, una mawazo sana nyumbani?" Evelyn akasema ndiyo, kwa sababu ni kweli alikuwa nayo. Lakini njiani akaanza kuwaza: kumbe mawazo yanaweza kuingia kwenye kidole gumba?

Mama mkwe wake, Bibi Mektrida, aliyekaa kwenye nyumba yake ndogo ndani ya kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, alimshauri aende kwa Mzee Ildefonce anayeunga mifupa. "Hawa wa hospitali wanatazama picha. Ildefonce anatazama mtu."

Mzee Ildefonce alimkalisha kwenye kigoda, akampaka siagi ya ng'ombe, akaupapasa mkono mfupa kwa mfupa, amefumba macho. Alichukua muda mrefu. Evelyn alikuwa amejiandaa kuvutwa na kulia. Mzee akafumbua macho, akajifuta mikono.

"Binti, mimi naunga kilichovunjika. Huu haujavunjika, haujateguka, haujahama. Ni mzima."

"Lakini unauma, Mzee."

"Nakuamini. Ila mimi sikioni kinachouma."

Alikataa hata zawadi ya ndizi aliyoletewa. Evelyn alirudi kwake na mkungu wake kichwani, amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Mashine imesema mzima. Mzee asiyejua mashine amesema mzima. Sasa nani anasema uongo? Alianza kuushuku mkono wenyewe, kisha akajishuku yeye. Labda nafsi yake iliona wivu kwa mtori ule aliokuwa akiletewa Kornel. Aliwaza hilo kwa siku nyingi, akaliungama hata kwa padre, na padre naye akampa malipizi.

Hapo ndipo Ndelilio alipomwita kwenye maombi. Ndelilio alikuwa Mlutheri, lakini alisema maumivu hayaulizi mtu anasali wapi. Wanawake kama kumi walikusanyika sebuleni kwake baada ya chakula cha mchana. Waliimba, wakaomba, kisha mama aliyeongoza akasema, "Mwenye maumivu ainue mkono wake juu, amkabidhi Bwana."

Evelyn akainua ule wa kulia, juu kabisa. Maumivu yakatoka.

Hayakupungua tu, yalitoka. Alisubiri yarudi, hayakurudi. Machozi yakamjaa. Alisimama katikati ya wale wanawake, mkono ukiwa bado hewani, akatoa ushuhuda kwa sauti iliyokatika, na Ndelilio akamkumbatia kiunoni, wote wakapiga vigelegele.

Alipofika getini kwake alikuwa ameshashusha mkono, na mkono ulikuwa unawaka.

Aibu ilimshika. Alikuwa ameshashuhudia. Hakumwambia Ndelilio, na alipokutana naye kisimani alitabasamu na kusema amepona, akibadilisha ndoo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Imani yangu ni ndogo, alijiambia. Au nimeadhibiwa kwa kwenda kusali kwa Walutheri. Halafu siku moja, akiwa amechoka kuwaza, alikaa juu ya gogo jikoni akauweka mkono kichwani, kiganja juu ya utosi, na maumivu yakatoka tena, bila wimbo wala maombi. Akaushusha, yakarudi. Akaupandisha, yakatoka. Alifanya hivyo mara nyingi, kama mtoto anayewasha na kuzima taa, na kila mara alizidi kutoelewa.

Bibi Mektrida akamkuta hivyo.

"Toa mkono kichwani! Nani amekufa humu?"

"Hakuna, Mama. Unanipa nafuu tu."

"Nafuu gani ya kujiwekea mkono kichwani? Huo ni uchuro! Mwanangu yuko kitandani na mguu umefungwa, wewe unamlilia kabla ya siku yake?"

Evelyn akaushusha. Tangu siku hiyo akawa anajificha. Alikwenda nyuma ya banda la ng'ombe au katikati ya migomba, akiuweka mkono kichwani kama mwizi, na akisikia hatua za mtu anajifanya anajikuna.

Siku ya kufunguliwa piopii ilifika. Walikodi gari wakashuka Moshi mjini, hospitali kubwa. Kornel aliingizwa chumba cha ndani na Evelyn akabaki kwenye benchi la nje, akisikia msumeno ukikata. Barabara ilikuwa imeutikisa mkono vibaya. Alitazama huku na huku. Bibi Mektrida hayupo, hakuna anayemjua. Akauweka kichwani, akafumba macho.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Umefiwa?"

Alikuwa mwanamke kijana mwenye koti jeupe, amebeba mafaili kifuani. Evelyn akautoa mkono upesi.

"Marahaba. Hapana, daktari, samahani. Nilikuwa naupumzisha tu."

"Unaupumzisha kwa kuuweka juu?"

"Ndiyo. Chini unaniwaka."

Daktari alikuwa ameshapita hatua kadhaa. Akarudi, akakaa kwenye benchi. "Unawaka wapi?"

"Hata sijui nikuambie wapi," Evelyn alisema. "Lakini usijisumbue, ni mzima. Ulipigwa picha. Mimi nimemsindikiza mume wangu, ndiye aliyepata ajali."

"Na wewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

Evelyn akafikiri kama aliyeulizwa jambo gumu. "Nilikuwa pembeni yake," alisema.

Daktari huyo aliitwa Priska. Alimpeleka kwenye chumba kilichokuwa wazi, akampa vidole vyake avibane kwa nguvu, akamgusa kwa pamba kwenye kidole gumba na kumuuliza kama anasikia. Alimgonga kwa kinyundo cha mpira kwenye kunjo la kiwiko. Mkono wa kushoto uliruka. Wa kulia ulibaki umelala kama si wake. Kisha akasimama nyuma yake, akamwinamisha kichwa nyuma na upande wa kulia, akakandamiza utosi kidogo tu.

Evelyn alipiga ukelele. Moto ulitoka shingoni ukashuka moja kwa moja hadi kwenye kucha ya gumba.

Mlango ukafunguka. Kornel alikuwa amesimama pale na magongo mawili, mguu wake uliofunguliwa ukiwa mwembamba na umepauka, nesi akimfuata nyuma kumzuia.

"Mnamfanya nini mke wangu?"

"Kaa, baba, usije ukaanguka," Daktari Priska alisema. "Nataka na wewe usikie." Akamgeukia Evelyn. "Mama, waliokuambia mkono ni mzima walisema kweli. Mkono wako ni mzima."

Evelyn akawaza: Na huyu pia.

"Anayeumwa ni shingo," daktari akamalizia.

"Shingo hainiumi, daktari."

"Najua. Nyumbani kwenu mna mfereji wa maji?"

"Tunao."

"Ukizibwa kule juu, anayekosa maji ni nani?"

"Migomba ya chini."

"Utaichimbua migomba kutazama ina ugonjwa gani?"

Evelyn akatikisa kichwa, kisha akaacha kukitikisa kwa hofu. Daktari akamweleza kwamba mishipa ya fahamu ya mkono inatokea shingoni, kati ya pingili na pingili. Lori lilipowagonga kichwa kilirushwa, kitu kilichokaa kati ya pingili kikasogea, sasa kinaubana mshipa mmoja. Akiinua mkono mshipa unalegea, ndiyo maana anapata nafuu. Evelyn alisikiliza kwa makini sana. Moyoni alikuwa anawaza kwamba mgomba ukikosa maji hunyauka, haulii, lakini hakutaka kumsumbua daktari ambaye tayari alikuwa amemsaidia.

"Mizigo unabebaje?" Priska aliuliza.

"Nimeacha kubebea mkono kabisa. Kila kitu naweka kichwani. Majani, maji, ndizi. Nauonea huruma mkono."

Daktari akautazama utosi wake. Kornel naye akainamisha uso.

"Nimekosea?" Evelyn akauliza.

"Hukujua, mama. Hakuna aliyekuambia."

Baadaye alipigwa picha nyingine, kwenye mashine kubwa inayonguruma, akiwa amelala ndani yake na kusali rozari bila kuzishika punje. Picha ikaonyesha kile alichosema Priska. Akaandikiwa dawa ya mishipa ambayo mwanzoni ilimlaza mchana kama mtoto, na mazoezi ya kufanya mbele ya kioo. Alikatazwa kabisa kubeba kitu kichwani. Vidole vikizidi kulegea, wangezungumza habari ya upasuaji.

Siku ile ya kwanza, wakirudi Kilema, gari liliwashusha njia panda. Kulikuwa kumenyesha, na walikuwa na kipande cha kutembea kati ya vihamba.

"Nilijua unaumwa," Kornel alisema.

Evelyn akasimama.

"Tangu siku ya ile ndoo," Kornel akaendelea. "Nikajiambia, ikiwa ni mguu wangu tu, hiyo ni ajali. Lakini ikiwa na wewe, basi nimemuumiza mke wangu. Nikaona afadhali iwe baridi."

"Lori ndilo lilitugonga. Tulikuwa tumesimama."

"Mimi ndiye nilisema twende siku ile. Wewe ulitaka tungoje."

Ilikuwa kweli, ingawa Evelyn alikuwa amesahau. Alimtazama mumewe aliyekonda, akiyumba juu ya magongo kwenye matope. Alitafuta moyoni kama ana hasira, akazikuta. Alitafuta kama ana huruma, nayo akaikuta mahali hapo hapo, na hakujua aanze na ipi.

"Shika magongo vizuri," alisema. "Hapa pana utelezi."

Kumweleza Bibi Mektrida kulikuwa kugumu zaidi. Bibi alisikiliza yote, mikono mapajani.

"Kwa hiyo shingo haiumi."

"Haiumi, Mama."

"Mkono ndio unaouma."

"Ndiyo."

"Na anayeumwa ni shingo."

"Ndivyo alivyosema daktari."

"Na mkono kichwani?"

"Ameniruhusu."

Bibi akavuta kanga yake begani. Kesho yake alimkuta Evelyn ameuweka mkono kichwani kando ya jiko, akapita zake, akajifanya anatafuta kuni.

Kornel alipoweza kukanyaga chini aliazima toroli kwa fundi mmoja wa jirani, akaanza kushuka bondeni mwenyewe kuleta majani. Kupandisha mlima na mguu ule ilikuwa shida. Alisimama kila baada ya migomba michache, na wanaume waliokuwa wakipita walimtania kwamba amefanywa mke. Siku za mwanzo alikuwa anawajibu kwa matusi. Baadaye akachoka kujibu. Siku nyingine alishindwa, majani yakalala bondeni, ng'ombe wakapiga kelele, na wote wawili wakagombana.

Nafuu ya Evelyn haikuja kwa mpango aliouelewa. Ganzi ya gumba ilipungua, kisha moto ukaondoka kwenye kiwiko, ukabaki begani. Halafu asubuhi moja aliamka mkono umetulia kabisa, ila shingo inauma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali. Aliogopa sana. Alishuka mjini bila hata kunywa chai, akaingia kwa Daktari Priska akiwa amejishika kisogo.

"Daktari, imehama! Sasa ni shingo!"

Priska akacheka, akamwomba msamaha kwa kucheka. "Hiyo ndiyo habari njema, mama. Maumivu yanarudi kwao. Yakifika kwao, ndipo yanapoondoka."

"Kwa hiyo nifurahi?"

"Furahi."

Evelyn alijaribu kufurahi njia nzima ya kurudi, shingo ikimuuma.

Ikaisha nayo, baada ya mvua za masika. Si yote. Ncha ya gumba imebaki na uzito fulani, na akikamua hulazimika kutazama kidole ili ajue kimeshika. Ndelilio alimwuliza siku moja kama kweli alipona siku ile ya maombi, na Evelyn akamwambia ukweli wote. Ndelilio akasema labda Mungu alikuwa anamwonyesha mkono uinuliwe wapi. Evelyn alisema huenda. Mpaka leo hana hakika.

Juzi Bibi Mektrida alikuwa amekaa barazani akilisugua goti lake la kushoto, ambalo limekuwa likimsumbua. Alisugua, akaacha, akalitazama kwa mashaka.

"Mama Basili."

"Abee, Mama."

"Hili ni goti, au ni kitu kingine?"

Evelyn aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea ndizi, akaja akachuchumaa mbele yake. Aliligusa goti. Lilikuwa la moto kidogo, limevimba upande mmoja.

"Sijui, Mama," alisema. "Kesho Kornel anashuka mjini. Twende naye tukaulize."

"Na wakisema ni zima?"

"Tutakaa pale pale," Evelyn alisema, "mpaka watuambie kinachouma ni nini."

Bibi akamwomba amletee kanga yake nzuri ya kuendea mjini, aitazame kama ina doa.